Shawa ya ghorofani inadondosha tu: plamba mmoja asema busta pampu, mwengine asema tupasue ukuta

MkaaBarani
Salaam wanajamvi. Nimejenga hapa Malindi upande wa Barani, ghorofa moja, mawe ya matumbawe chini mpaka juu, slebu, na juu ya slebu nimeinua kijumba cha tangi kozi (safu za mawe) tano hivi, tangi la lita 2000. Chini maji yanapiga vizuri kabisa, jikoni ukifungua sana yanakurukia nguo. Bafu la juu ndio balaa, shawa inadondosha, na ile shawa ya stima haishiki, inawaka kidogo halafu inazima. Plamba alofanya kazi asema yeye hana kosa, ni presha, ninunue busta pampu. Nikaita mwengine, kaangalia dakika mbili akasema paipu ya ndani nyembamba tupasue ukuta, na taili nishabandika zote! Paipu ni PPR, ile ya plastiki inayounganishwa kwa kuchoma, inatoka tangini ikiwa milimita 32, ikifika bafuni ni 20. Kabla sijatoa pesa nataka kusikia walojenga wenyewe.

Toto_la_Muyeye
Shawa ya stima Malindi hii? Mwezi wa pili mtu analala na mlango wazi wewe unatafuta maji ya moto 😂

MkaaBarani
Ni ya mamangu, ana baridi yabisi. Jibu swali kaka.

FundiMaweni
Usipasue kitu. Mimi nafanya kazi hizi miaka. Tangi lako liko chini sana basi. Kozi tano ni kama mita moja, shawa iko karibu na dari, hapo maji yanasukumwa na nini? Watu wanapenda nyumba ipendeze wanaona tangi likiinuliwa juu linaharibu sura, halafu wanalia. Ama uinue kijumba ama ununue pampu ndogo ya kuweka kwenye laini ya juu tu. Plamba wako wa kwanza yuko sawa.

Mwalimu_wa_Zamu
Tufanye hesabu kabla ya kununua. Kila mita 10 za kimo cha maji ndio presha ya bar 1. Ukiwa na dari ya mita 3, slebu, halafu kozi tano, tako la tangi liko kama mita 2 juu ya kichwa cha shawa. Hiyo ni bar 0.2, tangi likijaa ongeza 0.1. Ni kidogo lakini si sifuri, maji ya kuoga yanatoka hapo. Mifereji ya chini ina mita 3 zaidi ndio maana inapiga. Kwa hivyo kimo ni sehemu ya tatizo lakini hakielezi kudondosha. Kwa presha ndogo hivyo kinachoua ni upana wa paipu na kona. Paipu ukiipunguza upana nusu maji hayapungui nusu, yanapungua zaidi ya mara nne. Hesabu kona pia, kutoka tangini mpaka shawa una elbo ngapi?

MkaaBarani
@Mwalimu_wa_Zamu sijui zote ila naweza kukumbuka saba au nane, ilizunguka dirisha.

Kibarua_Mstaafu
Nane!! huyo plamba alikuwa anapeleka maji Gede

Langoni_Kwetu
Mimi nasema ni hewa. Angalia paipu inavyotoka tangini, kama inapanda ukuta wa paa ikaruka juu halafu ndio inashuka ndani basi pale juu hewa inakaa, haina pa kwendea, na maji yanapita kwa chini kidogo kidogo. Yalinitokea nyumbani. Dawa yake haina pesa: shika mpira, upande mmoja funga kwenye mfereji unaokuja moja kwa moja kutoka barabarani wenye presha, upande wa pili vua kichwa cha shawa ufunge pale, funga mifereji mengine yote ya laini hiyo, fungua valvu zote, wacha maji ya barabarani yasukume kurudi mpaka usikie yanabubujika tangini. Ukimaliza vua mpira. Halafu mwambie plamba akuwekee kipaipu cha kupumulia karibu na tangi, kisimame juu kupita maji ya tangi, kichwa ukipinde chini mdudu asiingie.

FundiMaweni
Hiyo ya mpira ni kweli inafanya kazi, ila hakikisha ni maji ya mfereji masafi sio ya kisima. Lakini hewa ikishatolewa inarudi kama paipu ina mgongo. Kimo bado.

DadaWatamu
Shawa yenyewe ni ya aina gani? Kama ni zile pana za hotelini, sahani kubwa, hizo zinataka presha, kwa tangi la paa zinadondosha tu hata ufanye nini. Mimi niliweka nikaitoa, nikarudisha ile ndogo ya plastiki ya bei ya chini kabisa, maji yakapiga. Anza hapo ndugu, ni kuzungusha kwa mkono tu.

MkaaBarani
@DadaWatamu ndio hizo pana, nilipenda 😅

DadaWatamu
Basi nusu ya kesi imekwisha.

Mwalimu_wa_Zamu
Usikisie, pima. Vua kichwa cha shawa kabisa, tia mtungi wa lita 20 chini ya paipu tupu, tumia saa ya simu. Ukijaa kwa dakika mbili hiyo ni lita 10 kwa dakika, paipu haina neno, ni kichwa. Ukichukua dakika tano kuna kizuizi njiani. Halafu fanya vile vile kwenye sinki la huko juu, tuone tofauti. Tangi lijae mara zote mbili ukipima, maji yakishuka nusu presha nayo inashuka.

PaipuNaElbo
Samahani nachelewa kuingia, lakini watu wengi huchukulia PPR 20 ni nusu inchi. Si kweli jamani. Namba ya PPR ni upana wa NJE. Ile 20 nzito ya maji moto ukipima tundu lake ni milimita 13 na kitu. Ile ya chuma ya nusu inchi tundu lake linafika 16. Kwa hivyo mtu alokuwa na chuma zamani akabadilisha kwa PPR 20 akidhani ni sawa amejikaba mwenyewe, mrija wa soda huo. Kwa nyumba ya tangi mimi huwa natembeza 25 mpaka ukutani kabisa, hiyo 20 naitumia kipande cha mwisho tu. Bei haipishani sana.

Na la pili, kuchoma. Mashine inatakiwa nyuzi 260, paipu ya 20 unachoma sekunde 5, ya 25 sekunde 7, unasukuma wima bila kuzungusha, unashika mpaka ishike. Sasa fundi mwenye haraka anachoma mpaka inayeyuka halafu anaisukuma kwa nguvu, plastiki inafanya pete ndani ya elbo. Kwa nje inapendeza kabisa. Nimewahi kukata elbo nikakuta tundu limebaki la kupitisha kalamu. Kwa presha ya pampu huoni kitu, kwa tangi la paa ndio unaona.

Kibarua_Mstaafu
Huyu ndo mtu. Umesema kweli tupu, vijana wa siku hizi mashine wanaipasha, wanajibu simu, paipu iko motoni.

FundiMaweni
@PaipuNaElbo upana wa ndani nakubali, umenisahihisha hata mimi. Lakini pete ya elbo ni bahati mbaya ya mara moja, sio jambo la kumfanya mtu avunje bafu. Ukweli mtu hataki kuinua tangi.

BintiMkomani
Mnaongea kuinua tangi kirahisi. Lita 1000 ni tani moja, ya kwake ni tani mbili na mawe ya kijumba juu yake. Kwake ni slebu, sawa, lakini aulize kijumba kimekaa juu ya ukuta wa chini ama kimekaa katikati ya chumba. Huku Amu (Lamu) nimeona mtu amepandisha tangi juu ya dari ya boriti, boriti za mkoko za zamani, hata hajui mwisho wake ukutani umeoza ama la. Ukitaka kuweka tangi kwenye nyumba ya kale liweke kwenye kona kuta mbili zinapokutana, na dogo, na kama ni mji wa kale usisahau kuna ruhusa ya makumbusho, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, si kujijengea tu.

Toto_la_Muyeye
Na nyinyi Amu mnaoga na nini, presha ya punda?

BintiMkomani
Tunaoga na kata 😏 birika (hodhi la maji) la ndani ya choo, limepigwa chokaa, samaki wadogo wamo wanakula mabuu ya mbu, maji baridi saa zote. Haina elbo, haina pete, haina bar 0.2. Mamangu mpaka leo ana shawa ukutani na haitumii.

Langoni_Kwetu
Hao samaki ukiweka klorini umewaua lakini. Bibi yetu aligombana na watu wa afya.

MkaaBarani
Nyote asanteni, nacheka huku nasoma. Kuna kitu sikusema, tangi linajazwa na maji mawili, ya mfereji yakija na ya kisima cha uani yasipokuja. Kisima kina chumvi kidogo. Inahusika?

PaipuNaElbo
Inahusika sanaaa. Vua ile chujio ndogo nyuma ya kichwa cha shawa na ile ya mdomo wa shawa ya stima, utakuta chembe nyeupe na mchanga. Maji yetu yanapita kwenye matumbawe yana chokaa nyingi, yakipata moto chokaa inaganda. Tia kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua na mswaki mkuukuu. Na tangini hakikisha paipu ya kutokea haiko chini kabisa, iwe imeinuka kidogo tope libaki.

Stima_Bila_Hofu
Naomba niseme juu ya hiyo shawa ya stima maana mnapita pita. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, maji yakisukuma ndio kinagusisha stima. Presha ikiwa ndogo kinagusa kinaachia, ndio hiyo kuwaka na kuzima. Haijaharibika. Lakini la hatari ni chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha stima kuliko maji matamu na element (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) ya kawaida inaoza haraka. Ziko zinazotengenezwa kwa maji ya chumvi, uliza dukani. Na hata hiyo usiweke bila waya wa athi ulioshuka kweli ardhini na swichi ile inayokata yenyewe stima ikivuja, ya miliampia 30. Kilowati 5 ukigawa kwa volti 240 ni ampia 20 na ushei, kwa hivyo waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita za mraba 4 ama 6, sio umechukua kwenye soketi ya chumbani wa 2.5. Umesema ni ya mama mzee, basi hili ndilo la kwanza, presha baadaye.

MkaaBarani
@Stima_Bila_Hofu waya wake peke yake upo. Athi nitaita mtu apime. Swichi hiyo sina.

Stima_Bila_Hofu
Izime leo.

DadaWatamu
Kisima kiko mbali gani na shimo la choo? Uliza tu.

MkaaBarani
Mita kumi na mbili hivi. Plot ni ndogo.

BintiMkomani
Ya Rabbi.

Mwalimu_wa_Zamu
Kipimo kinachotajwa sana ni mita 30, na hata hiyo si ahadi. Hapa kwetu chini ni matumbawe, yana nyufa na mapango, maji machafu hayachujwi taratibu na udongo, yanapita mbio. Kwenye mchanga mzito mita chache zinasaidia, kwenye mwamba wenye nyufa unaweza kuwa mbali na bado ukaoga choo cha jirani. Yako ni shimo la kuzama moja kwa moja ama ni tangi la septiki kwanza?

MkaaBarani
Septiki vyumba viwili halafu shimo la kuzamisha.

Kibarua_Mstaafu
Septiki ilipigwa plasta ndani na chini kumwagwa konkriti ama walijenga mawe tu? Hapa wengi wanajenga mawe tupu chini wazi wanaita septiki, ndio maana "haijai" na mwenye nyumba anajisifu miaka kumi sijanyonya. Haijai kwa sababu inakwenda kisimani kaka.

Toto_la_Muyeye
Nimeacha kula.

FundiMaweni
Shimo la kuzamisha lihamishwe upande wa pili wa plot na lisichimbwe kina, lisikaribie maji ya chini. Afadhali mtaro mrefu wa kina kifupi wenye kokoto. Na maji ya kisima yabaki ya choo na kufua, ya kunywa na kupikia yatoke mfereji. Pia kuchemsha kunaua wadudu lakini nitreti itokayo chooni haiondoki, mwenye mtoto mchanga ajue.

Langoni_Kwetu
Na msivute sana hiyo pampu ya kisima. Karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Ukivuta kwa pupa unayapandisha ya chini, kisima kinageuka chumvi na kurudi kwake kunachukua muda mrefu. Vuta kidogo kidogo, pampu ndogo. Amu tunaishi kwa maji ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela, watu wakijenga pale juu ya matuta sisi ndio tunalia.

DadaWatamu
Hata Malindi bila Baricho tungekuwa tunakunywa chumvi sisi sote. Visima viko huko kando ya Sabaki, na Mombasa nayo inakunywa hapo hapo.

Jirani_wa_Mambrui
Nimeona mahali mmeongea chumvi nikakumbuka, mimi ndio naanza kujenga. Mchanga wa ufuoni naambiwa ukiuosha ni sawa?

Kibarua_Mstaafu
Usithubutu. Kwa slebu na nguzo HAPANA. Chumvi inakula vyuma vya ndani, chuma kikishika kutu kinavimba, konkriti inabanduka kwa chini, baada ya miaka unaona vyuma vinakuangalia darini. Nani atauosha, wewe? na maji gani, ya kisima chenye chumvi? 😂 Chukua wa mto. Na simiti usichanganye kwa maji ya kisima kama yana chumvi, hiyo watu wanasahau kabisa.

PaipuNaElbo
Pia vyuma vifunikwe vizuri, viwekewe vijiwe vya kuinua kabla ya kumwaga. Nimeona slebu vyuma vimelala juu ya mbao, hapo hata mchanga wa peponi haukusaidii.

BintiMkomani
Na plasta ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe wa zamani inafungia unyevu ndani, rangi inavimba na kumenyuka chini karibu na sakafu. Chokaa inaacha ukuta upumue. Kwa nyumba mpya ya blok sina neno, ila mtu anayetengeneza nyumba ya nyanyake asipige simiti.

FundiMaweni
Hapo dada tutabishana. Chokaa bafuni, maji ya shawa kila siku? Nyuma ya taili simiti lazima.

BintiMkomani
Bafu za Amu zimekaa karne na chokaa, maji yanamwagwa ndani kila siku. Mafundi ndio wameisha, sio chokaa.

Kibarua_Mstaafu
Na walikuwa wanaiponda na kuisugua siku nzima wanaimba. Nani leo atakulipa uimbe.

MkaaBarani
Nimerudi. Stima ya shawa nimezima. Nimevua kile kichwa pana, nimepima tangi likiwa limejaa. Paipu tupu ya shawa: mtungi wa 20 umechukua karibu dakika nne. Sinki la huko huko juu: haufiki dakika mbili. Nimefanya na ile ya mpira pia, hewa ilitoka, yakabubujika kweli tangini, sasa shawa imeongezeka kidogo lakini si sana. Chujio lilikuwa na mchanga na vijiwe vyeupe.

Langoni_Kwetu
Hewa ilitoka. Nilisema.

DadaWatamu
Na kichwa je, ukirudisha kidogo cha plastiki?

MkaaBarani
Kinapiga afadhali, mtu anaoga sasa. Pana narudisha dukani kama watakubali.

Mwalimu_wa_Zamu
Hiyo tofauti ya sinki na shawa ndiyo habari. Laini ni moja mpaka hapo. Kizuizi kiko baina ya sinki na shawa, kipande cha mita mbili tatu. Kimo hakina hatia.

FundiMaweni
Mwalimu, sinki liko mita nzima chini ya shawa. Kimo tena.

Mwalimu_wa_Zamu
Mita moja kutoka mbili kwenda tatu inaongeza maji kama robo hivi, haiwezi kuyazidisha mara mbili. Hiyo nyingine inatoka wapi?

FundiMaweni
Elbo zaidi, na paipu inapanda. Pampu ndogo ingemaliza maneno yote haya.

PaipuNaElbo
Ama valvu ya ndani ya ukuta, ile ya shawa yenyewe. Za bei rahisi tundu lake ni dogo sana, nyengine kipande cha ndani kimekatika, unazungusha mkono lakini hakifunguki chote. Hiyo inafunguliwa kwa mbele, unavua kifuniko cha kromi, unatoa moyo wake kwa spana bila kugusa taili hata moja. Funga maji ya tangi kwanza! Ukiutoa, fungua kidogo uone maji yanarukaje. Yakiruka kwa nguvu ni valvu. Yakitoka vile vile ni pete kwenye elbo ya nyuma, hapo ndio taili moja au mbili, na ukiweza pasua kutokea upande wa pili wa ukuta, kama ni chumba cha kulala unapiga plasta na rangi, mambo yamekwisha.

MkaaBarani
Upande wa pili ni kabati la nguo la ukutani.

PaipuNaElbo
Afadhali hiyo, humo hakuna anayeangalia.

Kibarua_Mstaafu
Mama mwenye nguo ataangalia.

FundiMaweni
Mimi niko pale pale kwenye kimo. Akifungua valvu atuletee picha.

MkaaBarani
Plamba wa pili anakuja Jumamosi, nimemwambia aje na spana, nyundo aiache nyumbani. Wa kwanza hashiki simu.

Jirani_wa_Mambrui
Hajashika simu huyo ndiye anakuja kwangu Jumatatu? Ana pikipiki nyekundu?

MkaaBarani
Njoo inbox 😂

DadaWatamu
Na mimi nina swali la tangi, langu jeusi, saa nane mchana maji ya juu yanaunguza mpaka watoto hawaogi, nilipake rangi nyeupe ama nijenge kibanda cha makuti juu yake?

Toto_la_Muyeye
Usipake kitu, mpelekee MkaaBarani hilo tangi, mamake ashapata maji moto bila stima.

PaipuNaElbo
Makuti, na zile paipu za PPR zilizo juani zifunike pia, jua linazikausha zinapasuka. Fungua uzi wako dada, huu umeshakuwa mrefu.